Miparachichi yangu inajaa maua lakini haizai: je, nimeuziwa miti dume?

"Kamwene mtaalamu. Mimi ni mama mkulima, shamba langu liko nje kidogo ya mji wa Njombe. Nina ekari mbili za parachichi, miti 130, yote aina ya Hass ya kubebeshwa, sasa iko mwaka wa tano. Kila msimu inatoa maua mpaka majani hayaonekani, wapita njia wananipongeza. Wiki tatu nne baadaye yote yako chini, nafagia kama makapi. Mti unabaki na matunda ishirini au thelathini, na mengine hayakui, yanabaki membamba kama kidole, ukipasua ndani hakuna kokwa. Jirani anasema nimeuziwa miti dume, nikate nipande mingine. Shemeji anasema nyuki wa mizinga ya baba mkwe ndio wanaonyonya utamu wa maua mpaka yanakauka, kwa hiyo tupulizie dawa au tuhamishe mizinga. Dukani wananiambia ninunue busta ya maua. Tena nimeona kwa macho yangu ua linafunguka asubuhi, mchana limejifunga kama linakufa. Nifanye nini? Pesa ya miche nilikopa kwenye kikundi, siwezi kuanza upya."

Kamwene mama. Panga liweke chini kwanza, na bomba la dawa lirudishe stoo. Katika yote uliyoandika hakuna linaloonyesha kwamba miti hiyo ni ya kukata. Na hilo uliloliona mwenyewe, la ua kufunguka asubuhi na kujifunga mchana, ndilo ufunguo wa habari nzima. Wako wenye miaka kumi ya parachichi ambao hawajawahi kuliona. Ulidhani ua linakufa, kumbe lilikuwa linabadilisha zamu.

Nianze na jirani, maana ushauri wake ndio wenye hatari kubwa. Mti wa miaka mitano ukiukata, umekata miaka mitano. Nadhani kichwani ana mpapai. Kwenye mipapai jambo hilo lipo kweli: kuna mti wa kiume unaoning'iniza maua kwenye vikonyo virefu wala hauzai, kuna wa kike unaozaa, na kuna ule wenye vyote viwili ndani ya ua moja. Kwenye maboga nako utakuta maua ya namna mbili katika mmea mmoja, la kiume lenye kikonyo kitupu na la kike ambalo chini yake tayari kuna kijiboga kidogo. Lakini mparachichi hauna jinsia ya mti. Kila ua la kila mparachichi, uwe Hass wa kununua au wa kienyeji uliojiotea nyuma ya choo, lina upande wa kike na upande wa kiume ndani yake. Hakuna mparachichi dume. Aliyekuuzia miche huenda ana makosa mengine, ila hilo halimo.

Sasa chuma ua moja, kaa kivulini, ulisogeze karibu na jicho. Ni dogo, upana wake kama sentimeta moja, la kijani kinachoelekea njano, lina petali sita. Katikati kuna kivimbe chenye shingo nyembamba: kivimbe ni ovari, na ncha ya ile shingo ndiyo stigma, mahali ambapo chavua, yaani vumbi la kiume la ua, inatakiwa itue. Ndani ya ovari mna ovuli moja tu, ndiyo maana parachichi lina kokwa moja na si mbegu nyingi kama pera. Kuizunguka ovari kuna stameni tisa, kila moja imebeba kichwani visanduku vya chavua. Visanduku hivyo havipasuki hovyo. Vina vimilango vinavyofunuka kuelekea juu, kama kifuniko cha debe, na chavua inatoka imenata kwenye ule mfuniko. Si unga mkavu wa kupeperuka. Inanata, ni nzito, na upepo haufanyi nayo kazi kubwa. Hilo likumbuke tutakapofika kwa nyuki.

Miaka ya nyuma, kabla mvi hazijaanza, niliketi chini ya Hass mmoja nje kidogo ya Tukuyu siku mbili mfululizo nikiwa na chupa ya chai. Nilifunga uzi mwekundu, niliopewa na fundi cherehani, kwenye kikonyo cha ua moja ili nisilipoteze. Mwenye shamba alinitazama kwa mashaka mno. Nadhani aliamini nimekuja kuroga. Siku ya kwanza, saa tatu asubuhi, lile ua lilikuwa wazi. Stigma imesimama katikati, nyeupe, inang'aa, na stameni zote zimelala juu ya petali kama watu waliochoka. Niligusa vichwa vyake kwa kitambaa cheusi: hakuna vumbi hata chembe. Ilipofika saa sita mchana ua likajifunga. Jioni limefungwa. Asubuhi ya pili bado limefungwa, wakati majirani zake wapya wamefunguka. Nikawa nakaribia kukata tamaa, ndipo saa nane mchana ua la uzi mwekundu likafunguka tena, ila safari hii mambo yamegeuka. Stameni zimesimama, vimilango viko wazi, nikigusa kitambaa kinabaki na vumbi la njano. Stigma ile nyeupe imefifia na kuanza kunyauka. Jioni likajifunga, halikufunguka tena.

Yaani ua lile lile lilikuwa la kike asubuhi ya siku ya kwanza, likawa la kiume mchana wa siku ya pili. Hass iko hivyo, na wataalamu huiweka katika kundi A. Kuna kundi la pili, kundi B, ambalo linafuata ratiba iliyopinduliwa: maua yake hufunguka mchana yakiwa ya kike, hulala yamefungwa, kisha asubuhi ya kesho yake hufunguka yakiwa ya kiume. Fuerte, ile ya ngozi laini inayobaki kijani hata ikiiva, ni ya kundi B. Mmea umejipangia hivyo ili usijichavushe wenyewe, upate damu ya nje.

Hapo unaona shida ya shamba la Hass tupu. Siku ya jua kali, asubuhi miti yako yote 130 imejaa mabibi harusi na bwana harusi hata mmoja hayupo ukumbini. Mchana mabwana harusi wamefika na suti zao, mabibi harusi wameshaondoka. Kama mpishano huo ungekuwa kamili kila siku, usingepata hata hayo matunda ishirini.

Lakini unayapata, na sababu ni baridi ya kwenu. Ratiba niliyoieleza ni ya hali ya hewa ya joto. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za ukungu mnazijua nyinyi kuliko mimi. Joto la mchana likikaa chini ya nyuzi 20 hivi, saa za maua zinavurugika. La kike linachelewa kufunguka, linasogea mpaka mchana, la kiume nalo linasogea, mwisho mti mmoja unakuwa na maua ya zamu zote mbili kwa wakati mmoja. Kwenye mwanya huo mdogo Hass inachavushwa na chavua ya Hass mwenzake, au hata ya tawi la pili la mti ule ule, na tunda linashika. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na Hass mmoja tu nyumbani kwake na bado anakula parachichi. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Hass peke yake haizai kabisa, naye ametia chumvi.

Ubaya wa baridi ni kwamba kile inachokupa, inadai nusu yake. Chavua ikishatua juu ya stigma kazi ndiyo kwanza inaanza. Punje ya chavua hunywa unyevu, huvimba, kisha huchipua mrija mwembamba kuliko unywele, na mrija huo hupenya kwenye shingo ya ua kuteremka mpaka kwenye ovuli. Ndani ya mrija husafiri chembe mbili za kiume. Moja huungana na yai, na hapo ndipo kiini cha mbegu kinapopatikana. Ya pili hutengeneza chakula cha kukilea kile kiini kwa siku zake za mwanzo. Katika joto zuri safari hiyo humalizika ndani ya siku moja hivi. Usiku ukiwa wa baridi kali mrija unakwenda kwa kusuasua, au unakomea njiani, na ua linakauka na kudondoka ingawa lilichavushwa vizuri tu.

Wewe ni mkulima wa mahindi pia, maana sijaona mtu wa Njombe asiyelima mahindi, kwa hiyo jambo hili umeshalishika mkononi bila kulijua jina. Kila unywele wa hindi ni shingo ya ua moja, na kila unywele unapokea punje yake ya chavua kutoka kwenye mbelewele za juu, unaipeleka ndani, inatokea punje moja ya hindi. Unywele uliokosa chavua unaacha pengo kwenye gunzi. Lile hindi la mapengo kama mdomo wa babu ni habari ya uchavushaji uliokwama, mara nyingi kwa sababu ya ukame siku za kutoa nywele. Tofauti ni kwamba mahindi huchavushwa na upepo. Parachichi linahitaji mchukuzi.

Kabla sijaenda kwa wachukuzi, nikutulize kidogo kuhusu hayo makapi unayofagia. Mparachichi mkubwa unaweza kutoa maua milioni moja na zaidi kwa msimu, na yanayofika kuwa tunda la kuvuna ni pungufu ya moja katika kila maua elfu. Hiyo ni kwa mti wenye afya, uliochavushwa vizuri, mahali popote duniani. Hata matunda yaliyokwisha kushika, yenye ukubwa wa njegere, mengi hudondoka katika wiki za kwanza kwa sababu mti unapima uwezo wake wa kulea. Kwa hiyo wingi wa maua yaliyo chini usikunyime usingizi. Kinachonipa mimi mashaka ni hesabu ya yaliyobaki juu; mti wa Hass wa miaka mitano uliotunzwa ningeutegemea uzae zaidi ya matunda thelathini, tena ningetegemea hivyo hata huko kwenu kwenye baridi. Ila uangalie na mwaka wa jana. Parachichi lina tabia ya kupokezana: mwaka huu unazaa mpaka matawi yanaegemezwa miti, mwaka unaofuata unapumzika. Wewe umesema kila msimu ni hivyo, basi kupokezana peke yake hakutoshi kuieleza hali yako.

Vile vitunda vya kidole visivyo na kokwa ni ushahidi mzuri. Mara nyingi vinatokea pale uchavushaji ulipoanza, ovari ikaamka, lakini kile kiini cha mbegu kikafa kikiwa kichanga, na hali ya joto au baridi iliyozidi wakati wa maua ni moja ya sababu zake. Tunda bila kiini halipati ule msukumo wa kukua, linabaki kama kitango. Si ugonjwa, wala haliambukizi. Linaliwa, na lina nyama safi bila kokwa la kukusumbua, ila mnunuzi wa kusafirisha nje hatalitazama. (Msilinganishe na ndizi. Migomba ya Tukuyu nayo haina mbegu, lakini mgomba umeumbwa kujaza ndizi bila chavua yoyote, na hapo hakuna kilichoharibika.)

Sasa shemeji na nyuki wake. Anachokiona ni cha kweli: nyuki wapo juu ya maua, wananyonya, na maua yanadondoka. Kosa lake ni kuunganisha mawili hayo. Utamu anaounyonya nyuki ua limeutengeneza makusudi, ni ujira wa mchukuzi. Ua la zamu ya kike linautoa kwenye vivimbe vitatu vidogo vya rangi ya machungwa karibu na ovari, la zamu ya kiume linautoa kwenye vingine sita. Nyuki akitoka kwenye la kiume amejipaka chavua tumboni na miguuni, akienda kwenye la kike kufuata ujira ule ule, anagusa stigma. Basi, kazi imekwisha. Mengi ya maua yanayodondoka ni yale ambayo nyuki hakuyafikia, au aliyafikia wakati usiofaa. Mizinga ya baba mkwe isihamishwe, na mwambieni asante.

Tena ningeshauri iongezwe. Wataalamu wengi hupendekeza mizinga miwili hadi minne kwa ekari moja wakati wa maua, na sababu ya wingi huo haipendezi kuisema lakini ni ya kweli: nyuki hawalipendi sana ua la parachichi. Wakipata mikaratusi imechanua ng'ambo ya bonde, au magugu matamu, watakupita wakakuacha. Mizinga inayoletwa iletwe maua yakishaanza kufunguka, kama moja ya kumi hivi, ili nyuki wasizoee kwingine kwanza. Iwekwe mbali na njia ya watoto wa shule na banda la ng'ombe; nyuki wetu hawana masihara. Na asubuhi ya ukungu usiwasubiri. Joto likiwa chini ya nyuzi 12 au 13 hawatoki mzingani.

Hapo ndipo mchukuzi mwingine anapofaa, ambaye hakuna anayemshukuru: nzi. Wale nzi wenye mistari ya njano wanaoelea hewani juu ya ua kama helikopta, na hata nzi wa kijani wa jalalani, huchavusha parachichi, na wengine hufanya kazi siku ambazo nyuki wamejifungia. Nyuki wadogo wasiouma nao wamo. Huko Meksiko na Amerika ya Kati, parachichi lilikotoka, ndugu zao wasiouma ndio waliolizoea ua hili tangu zamani, kabla nyuki wa asali hawajapelekwa huko. Ukiwaachia ukanda wa magugu yenye maua pembeni mwa shamba, usiyapalilie yote mpaka udongo ung'ae, wachukuzi hawa watakaa.

Kuhusu dawa nitakuwa mkali kidogo. Usipulizie dawa ya wadudu kwenye miparachichi iliyochanua. Ukibanwa kabisa na mdudu mharibifu, pulizia jioni sana nyuki wakiwa wamerudi, kwa dawa ambayo afisa ugani ameikubali, na mwenye mizinga ajulishwe. Jambo ambalo hukuliandika ila nalihisi ni viazi. Kama shamba lako limepakana na viazi mviringo, jirani anapulizia dawa kila wiki kuzuia ugonjwa wa ukungu, mara nyingi akichanganya na ya wadudu kwenye bomba moja, saa nne asubuhi kukiwa na upepo. Saa hiyo hiyo maua yako ya kike yako wazi na nyuki wako kazini. Nimewahi kuona shamba, silitaji wapi, ambalo mizinga yote ilikufa katika wiki moja ya namna hiyo, na mwenye parachichi akamaliza mwaka akinunua mbolea kutafuta tatizo lililokuwa ng'ambo ya uzio wake. Ongea na jirani. Mkubaliane muda wa kupulizia. Ni bure, na huenda likakusaidia kuliko chochote cha dukani.

Busta ya maua sasa. Wewe maua unayo tele, kwa nini ununue ya kuongeza maua? Kitu kimoja tu katika hizo chupa kinaweza kuwa na maana kwako, nacho ni boroni. Ule mrija wa chavua niliouelezea unahitaji boroni ili ukue, na udongo wa milimani wenye tindikali, uliooshwa na mvua nyingi, mara nyingine huwa umepungukiwa. Lakini boroni ni kama chumvi kwenye mchuzi: kati ya kutosha na kuzidi pana hatua fupi sana, na ikizidi inaunguza majani na mizizi. Usiiweke kwa kubahatisha. Kwanza majani yapimwe, ikionekana imepungua ndipo unapulizia kwa kipimo utakachopewa.

Tunafika kwenye swali gumu, la kuongeza mti wa kundi B. Faida yake inajulikana. Israeli huchanganya Hass na Ettinger, California wakatumia Zutano na Bacon, zote aina za kundi B, na miti ya Hass iliyo karibu na mwenzi huyo kwa kawaida hushika zaidi, faida ikipungua kadiri unavyosogea mbali. Kwetu wa kupatikana kirahisi ni Fuerte. Huna haja ya kupanda upya. Chagua mti mmoja katika kila tisa au kumi, mtu mwenye mkono mzuri akubebeshee tawi la Fuerte juu yake, sehemu nyingine ya mti huo iendelee kuwa Hass. Tawi hilo ulifunge kitambaa cha rangi ili wavunaji wasichanganye. Na usiogope kwamba chavua ya Fuerte itakugeuzia Hass yako. Nyama na ganda la tunda ni mali ya mti mama. Kinachochanganyika ni kokwa tu, na kokwa huuzi.

Hayo ni mazuri yake. Sasa nikupe upande wa pili, kwa sababu pesa ni ya kikundi. Fuerte ilitoka Atlixco, Meksiko, mwaka 1911, ikapewa jina hilo, maana yake imara, baada ya kustahimili baridi kali iliyoua miche mingine California mwaka 1913. Mti wake ni imara kweli, lakini ua lake linaichukia baridi kuliko ua la Hass. Katika siku za baridi ratiba ya kundi B huvurugika vibaya zaidi, na chavua inaweza isitoke saa unayoitaka. Tena wanunuzi wengi wanataka Hass, kwa hiyo matunda ya hayo matawi huenda ukayauza sokoni kwa bei ya kawaida tu. Kwa Rungwe chini kwenye joto kidogo ningesema bebesha bila kufikiri mara mbili. Kwa shamba lako ningejaribu miti sita au saba upande mmoja wa shamba, nihesabu matunda misimu miwili, halafu ndipo niamue.

Na huenda mwenzi unaye tayari. Karibu kila boma la Njombe lina mparachichi wa kienyeji mkubwa jikoni kwa mama mkwe, ulioota kwenye kokwa lililotupwa. Huo ni wa kundi A au B, na kuujua hakuhitaji maabara. Siku ya jua, saa tatu au saa nne asubuhi, chukua kitambaa cheusi uguse maua yake yaliyo wazi. Ukiona vumbi la njano asubuhi hiyo, ni kundi B. Ukiona stigma nyeupe na hakuna vumbi, ni kundi A kama Hass. Rudia siku tatu, maana siku moja ya mawingu inaweza kukudanganya.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kuyatibu. Mti ulio mgonjwa wa mizizi mara nyingine hutoa maua kwa fujo, kama unaoaga, kisha unashindwa kulea. Kwa hiyo ukiona majani madogo yaliyopauka, ncha za matawi juu zinakauka, na mti unanyauka ingawa udongo umelowa, fukua kidogo uangalie mizizi midogo. Ikiwa myeusi na inakatika kama kijiti kilichooza badala ya kuwa myeupe, hapo maua si tatizo lako tena. Usisubiri msimu uishe. Mwite afisa ugani wa kata aje aone shamba lenyewe, hasa kama sehemu hiyo maji hutuama. Majani na udongo wa kupima peleka kituo cha utafiti cha TARI Uyole hapa Mbeya, na uwaulize kwanza namna ya kuyachuma, kwa sababu jani la umri usiofaa linatoa majibu yasiyofaa.

Kuna hadithi ninayoipenda kuhusu mti wako. Rudolph Hass alikuwa tarishi wa posta California. Alikuwa na mche mmoja aliojaribu kuubebesha Fuerte, ukakataa, ukakataa tena, akawa yu karibu kuukata. Akauacha. Mwaka 1935 aliuandikisha kwa jina lake, na miti yako yote 130 imetokana na vikonyo vya kubebeshea vya mti huo mmoja. Jirani yako akija tena na panga, mkalishe, mpe chai, mwonyeshe uzi.

Msimu ujao funga nyuzi kumi kwenye maua kumi, uandike saa ya kufunguka na kufunga kwa kila moja, na hali ya hewa ya siku hiyo. Na ule mti wa kienyeji wa jikoni, asubuhi una vumbi au hauna? Niandikie hilo kabla hujamlipa mtu wa kubebesha.